Kidude Alichotupa Fundi

Hivi, fundi anayelitibu gari lako kwa kulikata kiungo, halafu asikwambie, amekusaidia au amekuibia? Nauliza kwa sababu ya themostati, kile kidude chenye springi kinachokaa pale maji ya injini yanapopita kwenda kwenye rejeta. Zipo gereji za uchochoroni, Mwanjelwa mpaka Ipogolo, ambako gari likichemsha tu, kidude hicho kinang'olewa na kutupwa kwenye kopo la vyuma chakavu. Ukiuliza unajibiwa: "Hayo mambo ya Wajapani bwana, ya kwenye theluji. Huku kwetu haina kazi."

Huku kwetu wapi? Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko chini sana ya hapo. Alfajiri ya Julai pale Uyole, kondakta anaita abiria mdomo ukitoa mvuke kama birika! Na hata huko Dar hoja hiyo ni uongo. Injini haijali umevaa koti au singlendi. Ndani ya themostati ya kawaida mna nta. Maji yakiwa ya baridi mlango umefungwa, yanazunguka humo humo ndani ya injini mpaka yapate moto. Yakifika nyuzi 82 hivi, nyingine 88, nta inavimba, inasukuma mlango, maji yanakwenda rejeta kupoa.

Ikigoma kufunguka, gari linachemsha huku rejeta bado ya baridi. Ikigoma kufunga, mshale wa joto haupandi, mafuta yanakwisha upesi, silinda zinalika taratibu. Kupima si uchawi: ngoja injini ipoe, itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, tazama. Maji yakichemka nayo imenuna vile vile, ni kimeo. (Kwa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini zinatosha.) Fundi anayajua yote haya. Ila kung'oa ni dakika chache, kutafuta mpya ni nauli, na mteja anataka gari leo.

Tumtendee haki lakini. Chukua Fuso la vitunguu limetoka Ruaha Mbuyuni, limechemsha katikati ya Kitonga, giza linaingia, nyuma yake foleni ya malori. Hapo anayeng'oa themostati na kumwambia dereva, "Nimeitoa, ukifika Iringa nunua nyingine," mimi namvulia kofia. Spana ni ile ile, boliti zile zile. Kilichozidi ni ile sentensi moja, na sentensi haina bei ya spea.

Washikaji watanibishia: mteja mwenyewe anasema "fanya tu iende." Sawa, ana haki ya kuiua injini yake. Lakini magari yetu yanauzwa na kuuzwa tena. Kesho hilo gari ni la nesi mmoja wa Tukuyu ambaye hakusema "fanya tu iende." Na zipo injini ambazo themostati, ikifunguka, ndiyo inayoziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote. Basi gari lililoponywa kuchemsha linaanza kuchemsha kila likipanda mlima, na nesi kwao ni milima mitupu. Ataambiwa rejeta imeziba, atalipa. Ataambiwa pampu ya maji, atalipa. Mwisho gasketi ya silinda hedi. Mafundi hao watatu huenda ni waaminifu kabisa. Wanatafuta ugonjwa kwenye viungo vilivyopo.

Mrudie yule wa kwanza, atakuapia kwamba siku ile gari lilitoka gerejini kwake likiwa halichemshi. Na kweli, lilikuwa halichemshi.