Hata Asiye na la Kuficha Anahitaji Mlango



Chai ya baada ya ibada ina mambo yake. Tukishaulizana habari za watoto na kazi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye serikali na simu. Mmoja atasema programu za simu zinatusikiliza. Mwingine atasema kamera zimejaa kila kona ya mji. Halafu yupo atakayefunga mjadala kwa maneno ambayo wengi wetu huyaitikia: "Waache wasikilize. Mimi sina la kuficha."

Juma hili tumeona tuyapime maneno hayo. Hatutayapima kwa habari za majasusi na wakubwa wa dunia. Tutayapima kwa watu tunaowakumbuka katika sala zetu: dada zetu, mabinti zetu na mama zetu wadogo wanaofanya kazi za nyumbani Riyadh na Jeddah. Familia nyingi za usharika huu zina mtu huko.

Dada aliyeko Riyadh naye hana la kuficha. Aliondoka Kakamega, Tanga au Mbale kwa mkataba, akaenda kupika, kufua na kulea watoto wa watu. Hakuiba kitu, wala hana chama cha siasa. Lakini anaishi ndani ya nyumba ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, na ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, imeshikamana na mwajiri huyo. Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa iliyotokana na mazungumzo na wanawake wa Kenya zaidi ya 70 waliowahi kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni kunyang'anywa pasipoti na simu, na kuzuiwa kutoka nje ya nyumba. Si kila nyumba iko hivyo. Wapo waliopata waajiri wema, wakasomesha wadogo zao na kujenga. Ila hata katika nyumba njema, anayelala chumba kimoja na watoto, au anayepiga simu jikoni huku mwenye nyumba amesimama karibu, hana pa kusemea.

Tazameni basi linalotokea. Mama anampigia kutoka kijijini: "Mwanangu, uko salama?" Anajibu, "Niko salama, mama." Jibu hilo halimpi mama habari yoyote. Akiwa salama atasema niko salama, na asipokuwa salama atasema vilevile, kwa sababu kuna sikio jingine karibu. Hapo ndipo maneno ya "sina la kuficha" yanapovunjika. Tumezoea kudhani kwamba faragha ni kichaka cha waongo. Kumbe asiye na faragha ndiye anayeshindwa kusema kweli. Mlango unaofungwa haumfichi mwovu tu. Unalinda pia ukweli wa mnyonge mpaka apate wa kumwambia.

Maandiko yanalijua jambo hili. Bwana wetu alipofundisha kusali alimtaka mtu aingie chumbani mwake na kufunga mlango (Mathayo 6:6). Hakusema kwamba anayefunga mlango ana dhambi anayoificha. Esta alikaa katika jumba la mfalme bila kutaja kabila lake, kwa kuwa Mordekai alimwagiza hivyo, na siku ilipofika alilitaja mwenyewe. Nikodemo alimwendea Yesu usiku, na Yesu hakumfukuza akamwambia arudi mchana mbele ya watu. Danieli yeye alisali madirisha yakiwa wazi, nasi tunamsifu kwa ujasiri wake. Lakini Danieli alichagua mwenyewe kuyaacha wazi. Aliyefunguliwa dirisha kwa nguvu hajaonyesha ujasiri wowote, ameonewa tu.

Tusidhani kwamba wenyeji wa Saudi Arabia hawaijui thamani ya faragha. Wanaijua sana. Katika mji wa kale wa Jeddah, ulioingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, nyumba zina madirisha ya mbao zilizochongwa kwa matundu, yanayomwezesha aliye ndani kuona njia bila yeye kuonekana. Lamu nako wazee walijenga daka mlangoni, mgeni akae hapo kwanza, asijikute ghafla katikati ya nyumba ya mtu. Qur'ani, katika sura ya An-Nur, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao kabla ya kuomba ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na katika Al-Hujurat inawakataza kupelelezana. Sisi Waswahili tuna neno moja kwa adabu hiyo yote: hodi. Nayo Sheria ya Msingi ya Utawala ya Saudi Arabia ya mwaka 1992 inasema nyumba zina heshima yake na haziingiliwi bila idhini ya mwenyewe.

Ugumu uko katika neno hilo la mwisho. Mwenyewe ni nani? Nyumba inapigiwa hodi, lakini dada yetu aliye ndani yake si mwenyewe. Ukuta unaoilinda familia ya mwajiri isichunguliwe ndio unaomzuia mkaguzi wa kazi, jirani na ndugu wasijue kama msichana wa jikoni amekula leo. Familia ile ina haki ya faragha yake, maana ina watoto na ina mambo yake, na imemwingiza mgeni kutoka mbali. Hatuibezi haki hiyo. Tunachosema ni kwamba ndani ya mlango mmoja wanaishi watu wa aina mbili, na ni mmoja tu anayepigiwa hodi.

Hapa tunakutana na usemi mwingine wa meza ya chai: "Siasa si yetu, sisi tumekuja kutafuta." Tunauelewa. Mgeni hujifunza kunyamaza kwa sababu amewaona waliosema na yaliyowapata. Lakini swali la nani anashika ufunguo, pasipoti na simu ni siasa tayari, hata kama hatulipi jina hilo. Saudi Arabia ilipoanzisha mageuzi ya kazi Machi 2021, wafanyakazi wengi wa kampuni waliruhusiwa, kwa masharti, kubadili mwajiri na kutoka nchini bila kumwomba kafili. Wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa. Kanuni mpya zilizowahusu wao zilianza kutumika Oktoba 2024. Zinamkataza mwajiri kushika pasipoti na zinampa mfanyakazi siku ya mapumziko kila wiki. Huo ni wema, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kanuni inamfaa anayeijua na anayeweza kutoka kwenda kuidai, na balozi za Kenya, Tanzania na Uganda ziko Riyadh. Aliye Jeddah yuko mbali nazo kwa zaidi ya kilomita 900. Kwa hiyo tunapowauliza wabunge wetu wa nyumbani wamepatana nini na Riyadh kuhusu simu na pasipoti za mabinti zetu, hatujaingilia siasa za watu. Tumeuliza habari za watoto wetu.

Sasa tuje kwetu, maana hodi inatuhusu sisi pia. Huku tuliko tuna uhuru wa kusema. Tunaweza kuandika lolote juu ya Saudi Arabia asubuhi, na jioni tukalala usingizi. Yeye hawezi. Sheria ya Saudi Arabia ya makosa ya mtandao ya mwaka 2007 inaadhibu kwa kifungo kisichozidi mwaka 1 na faini isiyozidi riyali 500,000 anayeingilia faragha ya watu kwa kutumia vibaya simu yenye kamera. Maandishi au picha zinazohesabiwa kugusa utulivu wa umma, dini au maadili zinaweza kumletea mtu kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi riyali milioni 3. Basi shangazi anapomwambia binti, "Tuonyeshe hiyo nyumba unayokaa," anamwomba jambo ambalo linaweza kumponza. Na jamaa anayechukua sauti aliyotumiwa na dada yake usiku, akilia, na kuirusha katika makundi matano ya WhatsApp, ametumia uhuru wake kwa kulipia na usalama wa mwingine. Alitaka kumsaidia, lakini hakupiga hodi.

Wapo watakaotujibu, na jibu lao ni zito: "Mkinyamaza wanakufa. Wapo mabinti waliorudi nyumbani kwa sababu video zao zilisambaa na serikali ikaona aibu." Ni kweli. Kelele imewahi kuokoa, na ukimya umewahi kuua. Hatuhubiri ukimya. Tunasema tu kwamba sauti ni yake, na kabla ya kuipaza aulizwe. Akisema "pazeni," tupaze kwa nguvu zetu zote. Akisema "subirini mpaka nitoke humu," tusubiri, hata kama mioyo inatuuma, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua nyumba ile na hatari yake. Na akiwa amenyang'anywa simu, hana njia ya kuulizwa, basi waliomzaa na walio karibu naye waamue, wakianza na ubalozi, wakala aliyempeleka na wizara ya kazi. Mitandao ibaki kuwa njia ya mwisho. Mgonjwa asiyeweza kusema huamuliwa na nduguze wanaompenda. Haamuliwi na kila mpita njia.

Katika Mwanzo 16 tunasoma habari za mjakazi mwingine aliyekuwa nyumbani kwa watu, mbali na kwao Misri. Sarai akimtaja husema mjakazi wangu, na Abramu husema mjakazi wako. Hagari alipoteswa alikimbilia jangwani, na hapo kwenye chemchemi malaika wa Bwana akamwita kwa jina lake, akamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Hatuisomi habari hii ili kumwambia mtu arudi anakopigwa. Tunaisoma kwa sababu ya swali lile. Mungu aliyekuwa akijua yote alimuuliza kwanza, akamwacha ajieleze mwenyewe. Na Hagari akamwita Mungu anayeona. Kuna macho yanayomtazama mtu ili yamtawale, na kuna macho yanayomtazama ili apone. Anayetazama kwa namna ya Mungu huanza kwa kuuliza.

Kwa hiyo, wapendwa, tuwaombe wenzetu wa Riyadh na Jeddah bila kuwaanika. Katika ukurasa wa maombi wa tovuti hii hatuandiki jina, picha, mtaa wala jina la mwajiri. Wenye shida ya haraka waonane na wazee wa kanisa ana kwa ana. Kila familia ipatane na mtu wake neno moja la kawaida, kama kuulizia habari za mbuzi wa babu, ambalo akilitaja mtajua kwamba hayuko salama. Tusimbane aseme mshahara wake mbele ya watu, wala tusimlaumu anapokata simu ghafla.

Na siku nyingine mtu akisema mezani kwamba hana la kuficha, tumjibu kwa upole kwamba tunafurahi kwa ajili yake. Kisha tumuulize kama yuko tayari kumwekea mlango yule mwenye la kusema na asiye na pa kulisemea.

Bwana awalinde walio mbali, na atufundishe sisi kupiga hodi. Amina.