Ngazi ya Uzima na Mnyama Mgonjwa

Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alipelekwa Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière karibu na Kolwezi, Kongo. Jina lake lilikuwa limeshavuma. Miaka minane kabla ya hapo, kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu kilichapwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Humo alidai kwamba Waluba aliofanya kazi kati yao walikuwa na fikra kamili, zenye mpango, juu ya maana ya kuwapo duniani. Kwao, aliandika, kuwapo ni kuwa na nguvu ya uzima, na nguvu hizo zimepangwa kama ngazi: Mungu juu kabisa, kisha wahenga, kisha watu walio hai, na chini yao wanyama, mimea na mawe.

Kuhusu wanyama hakuzunguka. Viumbe vya chini vipo ili kuongeza uzima wa binadamu, basi.

Wanafalsafa Waafrika wamekichambua kitabu hicho bila huruma, na wana haki. Paulin Hountondji wa Benin alikataa wazo zima kwamba taifa la watu linaweza kuwa na falsafa moja isiyo na mwandishi. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville, Likasi ya leo, katika ukanda huohuo wa shaba, alionyesha jinsi maarifa ya namna hiyo yalivyolelewa na ukoloni. Hata hivyo, ile ngazi bado ndiyo inayofuatwa nyumbani. Kuanzia Musonoi hadi Kingamyambo, ambako mabaki ya madini ya Kolwezi yalirundikwa, mbwa hufugwa alinde ua, na kuku hufugwa auzwe pesa zikikatika kabla ya mwezi kwisha. Mnyama anayelinda na kuzaa ameongeza uzima wa nyumba. Hakuna anayeuliza zaidi.

Swali huja mnyama akiugua asinyanyuke. Ugonjwa wa parvo, uliotambuliwa duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, humshika mtoto wa mbwa akatapika, akaharisha damu na kukauka maji mwilini ndani ya siku chache. Hakuna dawa ya kawaida inayokiua kirusi chenyewe. Kazi ni kumrudishia maji na kungoja. Kwa hiyo mtu huamka usiku mara kwa mara, hufuta sakafu, hunyunyiza maji mdomoni mwa kiumbe kinachogeuza kichwa. Asubuhi huenda kazini bila usingizi, na mfukoni zile faranga za mboga zimeshaliwa na dawa. Nguvu sasa zinashuka ngazi, na anayepungua ni binadamu.

Upungufu huo umepimwa. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Mary Beth Spitznagel wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, pamoja na wenzake, walitoa utafiti uliohusu wafugaji 238. Waliwauliza maswali yaliyotokana na yale wanayoulizwa watu wanaouguza jamaa zao. Wenye wanyama wagonjwa walionekana kuelemewa zaidi, na walikuwa na dalili nyingi zaidi za huzuni na wasiwasi kuliko wenye wanyama wazima. Wafugaji hao wana nafasi ya kumwona daktari wa mifugo. Kwa aliye Kolwezi, kitivo cha tiba ya wanyama kiko Lubumbashi, safari ya kilomita kama 300.

Lakini anayeuguza mbwa Kolwezi hubeba mzigo mwingine, nao ni aibu. Juni 2019 kuta za mgodi wa KOV ziliporomoka na kuua wachimbaji wa mikono wasiopungua 43. Katika mji uliozika watu namna hiyo, nani atasema hadharani kwamba analia kwa sababu ya mbwa? Kanisa lenyewe limeligusa jambo hili. Katekisimu ya 1992 inaruhusu mtu kuwapenda wanyama, ila inaonya kwamba haifai kutumia juu yao fedha zinazopaswa kwanza kupunguza taabu ya watu, wala kuwapa mapenzi yanayostahili watu tu. Onyo la fedha ni la haki, na maskini analielewa kuliko mwingine yeyote.  Lakini huzuni haitoki kwenye mfuko mmoja na karo ya mtoto, na kumnyima mtu machozi ya mbwa wake hakumrudishi mchimbaji hata mmoja.

Ushahidi mzito zaidi uko Rumangabo, mashariki mwa nchi hiihii. Mwaka 2007 walinzi wa Hifadhi ya Virunga walimkuta sokwe mchanga wa mlimani, mwenye umri wa miezi miwili tu, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Mlezi André Bauma alimlaza kifuani usiku wa kwanza ili asife kwa baridi. Sokwe huyo aliitwa Ndakasi. Bauma alimlea katika kituo cha sokwe mayatima cha Senkwekwe, na mapigano ya waasi wa M23 yalipofika karibu mwaka 2012 alikataa kuwaacha mayatima wale. Ndakasi aliugua kwa muda mrefu, akafa jioni ya tarehe 26 Septemba 2021 mikononi mwa Bauma. Mlezi alisema alimpenda kama mtoto.

Je, mapenzi hayo yaliibwa kwa binadamu? Virunga imepoteza walinzi zaidi ya 200 tangu ilipoanzishwa. Aprili 2020, karibu na Rumangabo penyewe, watu 17 waliuawa katika shambulio moja, 12 kati yao walinzi. Waliomwuguza Ndakasi ni watu waliozika wenzao. Hakuna anayeweza kuwaambia hawajui thamani ya mtu.

Dini zetu pia zina masimulizi ambayo mahubiri huyapita haraka. Nabii Nathani alipotaka kumchoma Daudi moyoni, alimsimulia maskini aliyekuwa na kondoo mmoja, akila naye na kumlaza kifuani kama binti. Daudi alikasirika kusikia kwamba tajiri alimnyang'anya, wala hakuuliza kwa nini mtu ampende kondoo hivyo. Katika hadithi za Mtume Muhammad yumo mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mbwa huyo hakumlindia ua.

Huko Musonoi, Tempels na wanandoa wa kambini walijenga jumuiya iliyoitwa Jamaa, juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Padri aliyeandika juu ya watu sasa alijifunza pamoja nao. Nadhani hilo la tatu ndilo linalokosekana katika ngazi yake ya 1945. Uzima ukipangwa kwa daraja peke yake, kumwuguza mnyama asiyepona ni hasara tupu. Mapendo yakiingia, aliye juu anaweza kushuka, akachoka, akapungukiwa, na bado asiwe amekosea.

Kuna mpaka, na unauma. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana hakina tiba, kwa mnyama wala kwa mtu, na karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na kuumwa na mbwa. Hapo mlezi hapaswi kukaa karibu. Anapaswa kumfungia mbwa, kuwaita wahusika na kukubali auawe. Hata kwa magonjwa mengine, siku huja ambapo kumnywesha maji ni kurefusha maumivu tu. Anayeamua hivyo hujiona msaliti kwa miezi mingi. Akienda kwa padri au imamu kuuliza kama ametenda dhambi, anastahili jibu la swali aliloliuliza, na apewe muda wa kueleza mnyama huyo alikuwa nani kwake, kabla hajakumbushwa wafu wa migodini.