Mzazi, Sema Wewe Kwanza!

Wewe mama unayesoma haya, unajua. Wewe baba uliyekaa barazani, unajua. Hamkungoja daktari, hamkungoja mwalimu, hamkungoja jirani awaambie. Mwanenu ametimiza miaka miwili, ameingia wa tatu, na bado hasemi!

Unajua kwa sababu unahesabu. Mtoto wa wifi yako, aliyezaliwa mwezi mmoja na wako, anaomba maji, anamwita paka, anabishana na nyanyake. Wako anakushika kidole, anakuvuta mpaka penye mtungi, analia. Unampa maji. Mbele za watu unacheka. Halafu unaingia chumbani, unafunga mlango, unalia wewe.

Usilie chumbani tena! Toka!

Nayajua maneno unayotulizwa nayo. "Hata babake alichelewa." "Watoto wa kiume ndivyo walivyo." "Mwache, atasema akitaka." Yanasemwa kwa mapenzi, na kila unapoyakubali mwezi mwingine unapita. Ni kweli, wako watoto wanaochelewa kisha wakasema wenyewe. Lakini nani aliyekuonyesha kwamba wako ni mmoja wao? Nani aliyempima? Kumngoja mtoto ambaye hajapimwa si subira. Ni kamari!

Na unachokiogopa nakijua pia. Unaogopa jina. Unaogopa mitaani hapa Mombasa, Kibokoni waseme, Bondeni waulize, harusini wanong'one: ulikula nini ulipokuwa na mimba, nani kamtia jicho, ukoo upi una jambo hili. Unaogopa mwanao aitwe bubu.

Mama, nisikilize! Huna kosa. Hukumfunga ulimi kwa kumsemesha Kiswahili huku babake akimsemesha Kiarabu; lugha mbili nyumbani hazimnyamazishi mtoto. Aibu unayoibeba si yako. Itue!

Umemsomea, umempeleka akazinguliwa, umemnywesha kombe. Sikukatazi dua. Omba, omba kwa machozi! Lakini kumbuka Nabii Musa. Alipomwomba Mola amfungulie fundo la ulimi, katika dua iyo hiyo aliomba na msaidizi, nduguye Harun. Mtume wa Mungu aliomba msaidizi! Wewe unaona haya gani?

Basi anza na masikio. Ndiyo, hata kama unaapa kwamba anasikia! Mtoto huweza kushtuka mlango ukibamizwa na asizipate sauti nyepesi za maneno. Usaha uliomtoka sikioni, ukaufuta kwa kitambaa, ukasahau. Homa ya uti wa mgongo. Manjano makali ya uchangani. Yote hayo huweza kuondoka na usikivu wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema upotevu wa kusikia utotoni, karibu sita katika kila kumi, ungeweza kuzuiwa.

Ana mwaka na nusu na haonyeshi kwa kidole anachokitaka? Nenda! Ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili? Nenda! Alikuwa na maneno, kisha yakapotea? Usingoje hata wiki iishe!

Unauliza wapi? Unapapita kila siku! Ni Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara tu. Kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kimo kabatini mwako. Kina ukurasa wa hatua za makuzi, na kusema kumo. Kifungue! Uliza kliniki ya masikio, pua na koo. Uliza mtaalamu wa tiba ya usemi. Uliza kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu, maana Kenya ilianza kuvifungua vituo hivyo mwaka 1984, wewe mwenyewe labda ulikuwa hujazaliwa.

"Lakini wataalamu ni wachache." Ni wachache, na ndiyo sababu uende sasa! Makerere ilianza kuwasomesha mwaka 2008 tu, ya kwanza Afrika Mashariki. Foleni ni ndefu, na jina lisiloandikwa haliitwi.

Usidhani watamfungua kinywa kwa chuma. Tiba yenyewe ni mchezo! Mtaalamu atakaa chini kwenye mkeka, atapuliza mapovu, atanyamaza, atamtazama mtoto machoni angoje. Akitoa sauti yoyote, mapovu yanarudi. Mtoto anagundua kwamba sauti yake ina kazi.

Kisha atakufundisha wewe, maana kazi kubwa iko nyumbani kwako. Zima runinga. Weka simu. Chutama macho yenu yakutane. Anachokitazama, kitaje. Akisema "gari", wewe sema "gari jekundu". Mpe kipande cha mahamri, si hamri zima, kisha ngoja. Ngoja zaidi ya unavyoweza! Usimwahi, usimsemee, usimkaripie kwamba hajatamka sawasawa. Nafasi ile ya kungoja inamuuma mzazi kuliko kitu chochote, na ndimo neno linamozaliwa.

Na akipimwa ikaonekana hasikii kabisa? Hata hapo hujapoteza mtoto! Lugha ya Ishara ya Kenya imo katika Katiba ya 2010, na hapa hapa kisiwani iko shule ya viziwi ya Ziwani. Mtoto mwenye lugha mikononi ana lugha. Mtoto aliyefichwa ndani hana hata moja.

Baba, usijifiche nyuma ya zamu ya bandarini! Usiseme ni mambo ya wanawake. Usimtupie lawama mamake. Usimpige mtoto umwite mkaidi. Kaa naye chini dakika chache kabla hajalala, umtajie pua, sikio, mkono, hata kama umechoka.

Maana tazama kinachokuja! Karibu ataingia chuoni. Maalimu atasema alif, watoto wataitikia, wako atanyamaza. Atakaripiwa kwa kosa asilolijua. Atachekwa na wenziwe. Ataanza kung'ata, kupiga, kujitupa chini, kwa kuwa hana njia nyingine ya kusema hapana. Watamwita mtundu, na wewe peke yako utajua kwamba ulikuwa na mwaka mzima mkononi!

Miaka hii ya mwanzo ndiyo ubongo hushika lugha kwa wepesi. Mlango haufungwi ghafla, bali kila mwaka unazidi uzito, na anayeusukuma ni mtoto mdogo. Wahenga walisema chelewachelewa utamkuta mwana si wako. Mbona unachelewa?

Leo ni leo! Usingoje Ramadhani ipite, usingoje mshahara uingie, usingoje mama mkwe akubali. Mvishe viatu. Chukua kijitabu. Kamata tuktuk, au nenda kwa miguu.

Na ukifika dirishani, usizunguke, usicheke kwa haya, usiseme ana mafua kidogo. Umekaa kimya kuliko yeye! Fungua kinywa, useme wasikie hata walio nyuma yako: mwanangu hasemi, nataka apimwe!