Tuache Kuzika Mawe ya Tochi



Nawauliza: mawe ya redio zenu yaliyokwisha nguvu yako wapi? Mengine yamo chooni. Mengine yamefukiwa migombani, mengine yamechomwa pamoja na takataka za uani. Na mengine yamepasuliwa na watoto wetu, wakakitoa kile kijiti cheusi cha kaboni wachoree ukutani, kisha mikono iliyojaa unga mweusi ikaingia kwenye sahani ya ugali.

Mungu alimkabidhi mwanadamu bustani aitunze. Hakumruhusu aitie sumu. Ardhi ni amana, na Mwenye amana atakuja kuidai.

Tazameni tunachokizika! Jiwe la kawaida lina gamba la zinki na unga wa manganizi. Linapotoa umeme, gamba lenyewe ndilo linaloliwa. Ndiyo maana jiwe kuukuu hutoboka, likavuja maji yanayoozesha tochi. Zinki hiyo ilichimbwa ardhini, ikayeyushwa kwa moto mkali, ikavuka bahari, ikatumika wiki chache, ikatupwa. Hesabuni wenyewe: redio inayokula mawe 2 kila mwezi hutupa mawe 24 kwa mwaka, na 120 kwa miaka 5. Hiyo ni nyumba moja, redio moja!

Njia ipo, ndugu zangu. Betri za kuchaji, zile zilizoandikwa NiMH ubavuni, huchajiwa mamia ya mara. Mbili tu zaweza kushika nafasi ya yale mawe 120. Nguvu yake ni volti 1.2 na ya jiwe la kawaida ni 1.5, lakini redio na tochi nyingi hufanya kazi nazo vizuri. Zilizoandikwa NiCd ziepukeni: zina kadimiamu, metali iliyovunja mifupa ya watu wa Toyama, Japani, ilipotoka mgodini ikaingia mtoni na kwenye mashamba ya mpunga.

Tena sikieni: kununua peke yake hakuokoi kitu. Kutengeneza betri hizi na chaja yake kunaigharimu dunia zaidi kuliko kutengeneza jiwe la kawaida, na deni hilo hulipwa kwa kuchaji tena na tena. Anayezinunua akazisahau kabatini ameongeza taka.

Basi inukeni! Akina mama wa vikundi, changeni mnunue chaja ya pamoja. Vijana wenye sola, wachajieni majirani. Wazee wa kanisa, wekeni ndoo yenye mfuniko mahali pakavu, watoto wasipofika. Mawe yaliyokwisha yakusanywe humo, kisha yapelekwe kwa wanaopokea taka za elektroniki. Mtu asichome, asifukie, asitupe chooni.

Visima vyetu ndivyo watakavyorithi wajukuu. Anzeni wiki hii, nyumba kwa nyumba, na Bwana awatie nguvu. Amina.