Matanga ya Penzi la Kwanza

Swali tunalokusudia kulichunguza katika insha hii ni hili: je, mtu aliyempoteza mpenzi wake wa kwanza, kabla ya posa na kabla ya mahari, anastahili kuitwa mfiwa? Na kama anastahili, je, riwaya inayosimulia msiba wa namna hiyo ina nafasi gani katika utamaduni wa taifa? Wapo watakaoliona swali hili kuwa dogo. Watasema kwamba taifa lina kazi ya kulima, kujenga na kusomesha, na kwamba machozi ya vijana hukauka yenyewe kama umande. Sisi tunaosoma na kufundisha pamoja na vijana wa Mkoa wa Singida tunaona vingine. Yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni, aliiita Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mambo hayo mawili yaliwekwa chini ya paa moja. Basi si kosa kuuliza utamaduni wetu unamwambia nini kijana siku ile moyo wake unapovunjika kwa mara ya kwanza.

Tuanze na desturi tunazozijua. Msiba unapotokea kijijini, iwe Ilongero, Kiomboi au Manyoni, hakuna anayengoja mwaliko. Majirani huja na unga, kuni na maji, na katika nchi yetu ya ukame ndoo ya maji iliyochotwa mbali si msaada mdogo. Wanaume hukaa nje chini ya mti. Wanawake hukaa ndani na mama wa marehemu. Watu hulala hapo, huzungumza, hata hucheka kidogo usiku unapokuwa mrefu, ili mfiwa asibaki peke yake na kimya. Kisha siku hufika ambapo matanga huanuliwa, na mfiwa hurudi shambani akijua kwamba watu wote wameuona uchungu wake na wameupa kikomo. Katika Uislamu mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Hata huzuni basi imewekewa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Lakini tuitazame vizuri methali isemayo kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Ndani yake mna sharti: kabla ya watu kulia ni lazima mfiwa ajulikane. Ndiyo maana kila afikaye matangani huulizwa, kwa maneno au kwa macho tu, "Marehemu ni nani wako?" Mama ana jibu. Mume, shangazi, mjomba na binamu wana majibu. Jirani naye ana lake. Kila jibu humpa mtu mahali pa kukaa, kazi ya kufanya na kiasi cha machozi ambacho hakitamshangaza mtu yeyote.

Sasa tumfikirie kijana wa kidato cha tatu. Ni kijana wa kubuni, lakini anafanana na wengi. Amempenda msichana wa kijiji cha pili ambaye hufuatana naye njiani kwenda shuleni. Hawajafanya lolote la kuwatia aibu. Wamebadilishana daftari, wamengojana penye jiwe kubwa njia panda, wamepanga mambo ya miaka kumi ijayo kama wapangavyo watoto. Wakati wa mvua msichana anashikwa na homa, na katika siku nne anafariki dunia. Kijana anakwenda mazikoni pamoja na wanafunzi wenzake, anapokea koleo zamu yake inapofika, na anatupa udongo. Mzee mmoja anamwuliza kama alimfahamu marehemu. Anajibu, "Tulisoma pamoja." Jioni anarudi nyumbani kuwafunga ndama kama kawaida. Hakuna aliyemwambia pole, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba pole ilikuwa yake.

Je, tuwalaumu wazee kwa jambo hili? Hatudhani hivyo. Kwa Wanyaturu na majirani zao, ndoa iliunganisha koo mbili, na ng'ombe waliovuka kutoka boma moja kwenda boma jingine walikuwa ushahidi kwamba watu wazima wamekubaliana. Mapenzi yaliyotangulia ng'ombe hayakuwa na shahidi. Kuyatambua hadharani kungezua madai yasiyo na mwisho, na kungemweka binti katika midomo ya watu. Ukimya wa wazee ulikuwa na hekima yake, na hekima hiyo haijapitwa na wakati. Fikirini kijana yule angepiga yowe mazikoni. Watu wangeuliza mara moja: kulikuwa na nini baina yao? Na anayeulizwa habari zake yumo kaburini, hawezi tena kujitetea. Kilio cha kijana kingegeuka shtaka juu ya marehemu, na mama aliyefiwa angebeba mizigo miwili.

Hapa ndipo tunapokuta fundo la swali letu. Kijana ana huzuni ya kweli, na huzuni iliyonyimwa matanga haina siku ya kuanuliwa. Hata hivyo, akiidai haki yake hadharani, atamdhulumu yule anayemlilia. Mambo haya mawili yote ni ya haki, na yanapingana. Sheria haiwezi kumsaidia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, kwa maana hasara inaweza kupimwa. Lakini ni mahakama gani itakayopima kungojana penye jiwe njia panda?

Sisi twaona kwamba hadithi ya kubuni ni mojawapo ya mahali pachache ambapo haki hizo mbili hupatana. Mwandishi huchukua uchungu uliotokea kweli, akawapa wenye uchungu majina yasiyo yao, akauweka mbele ya watu. Marehemu hubaki na heshima yake, na mfiwa hupata wa kumlilia. Msomaji aliye Iramba humwonea huruma msichana asiyekuwako duniani, na katika kumwonea huruma hujifunza kwamba uchungu wake mwenyewe una jina. Labda hii ndiyo sababu waandishi wengi huanza kazi yao kwa kusimulia penzi la kwanza na msiba wake. Ni deni la kwanza walilo nalo, na jamii haikuwapa mahali pengine pa kulilipa.

Fasihi ya Kiswahili inatupa mifano miwili ya kulinganisha. Shaaban Robert alifiwa na mke wake, Amina, akamtungia shairi la maombolezo ambalo limesomwa na vizazi vya wanafunzi wetu. Hatukumbuki mtu aliyelikataza. Huzuni ile ilikuwa na cheo: mume anamlilia mke wake wa halali, na jamii nzima inaweza kuketi pamoja naye.

Mfano wa pili ni wa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, aliiandika angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikachapishwa mwaka 1971. Ndani yake baba mlevi anampiga binti yake vikali kwa sababu ya barua ya mapenzi kutoka kwa mvulana. Ilikuwa barua tu. Lakini kuanzia hapo Rosa anajifunza kwamba mapenzi ni jambo la kuogopwa nyumbani na la kutafutwa gizani. Anakwenda shule ya bweni bila kuelezwa lolote, anaangukia mikononi mwa wanaume wasiomjali, na mwishowe mchumba wake anapomwacha kwa ajili ya yaliyopita, anajiua. Kitabu hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuhofiwa kwamba kingeharibu maadili. Baada ya muda kiliruhusiwa, kikawa miongoni mwa vitabu vya kusomwa katika shule zile zile. Mwandishi wake alifariki dunia mwaka 2020, na kitabu kingali kinasomwa.

Tukiviweka viwili hivi pamoja tunaona jambo la kutafakari. Huzuni ya mume ilipata mahali pa kukaa siku ile ile. Huzuni ya msichana iliulizwa kwanza, "Ni nani wako?", ikangoja nje ya mlango wa shule.

Woga huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1774 huko Ujerumani, Johann Wolfgang von Goethe, kijana wa miaka 25, alitoa riwaya yake ya kwanza kuhusu kijana Werther anayempenda msichana aliyekwisha kuposwa na mtu mwingine, na ambaye mwisho wake hujiua. Kitabu kilienea Ulaya kwa haraka, na mwaka 1775 mji wa Leipzig ulikipiga marufuku ukihofia kwamba vijana wangemwiga Werther. Hofu hiyo tusiicheke. Utafiti uliotolewa mwaka 1974 na David Phillips wa Marekani, juu ya habari za magazeti, ulionyesha kwamba watu waliojiua waliongezeka baada ya habari kama hizo kuandikwa kwa uzito mkubwa. Naye aliupa jambo hilo jina la Werther.

Basi pingamizi la walinzi wa maadili lina ukweli ndani yake, na mwalimu anayelipuuza hatimizi wajibu wake. Hadithi inayopamba kifo na kukifanya kuwa ushahidi wa mapenzi ni hadithi ya hatari. Lakini tofauti ipo baina ya kumwachia mwanafunzi kitabu asome peke yake usiku chini ya blanketi, na kukisoma kitabu hicho darasani, mchana, pamoja na mtu mzima anayeuliza maswali. Kitabu kilichofichwa humfundisha kijana lile lile ambalo Rosa alifundishwa na fimbo ya baba yake. Kitabu kilichojadiliwa humpa nafasi ya kuuliza: Rosa angeweza kumwendea nani? Ni nani alijua, akanyamaza? Ni neno gani moja lingetosha? Darasa linalojibu maswali hayo kwa uaminifu limekwisha kukaa matanga, ingawa halijui.

Tena haya hayaishii katika vitabu. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shuleni, na ni mwaka 2021 tu Serikali iliporuhusu wanafunzi wa namna hiyo kurudi masomoni baada ya kujifungua. Waliofukuzwa kabla ya hapo wengi walikuwa na kisa nyuma yao: ahadi iliyovunjwa, mtu aliyekana, au kijana aliyekimbia kwa woga. Walihesabiwa katika daftari la mahudhurio kwa mstari mwekundu. Hakuna aliyewauliza wamepoteza nini zaidi ya masomo.

Tumesema mengi juu ya msomaji. Na tuseme machache juu ya kijana anayetaka kuandika, maana wapo, hata hapa Singida, wenye madaftari waliyoyaficha chini ya magodoro. Kwao tuna mashauri mawili. Kwanza, wasiibe machozi ya watu. Kisa cha jirani aliyefiwa ni amana; anayekiandika kwa namna ambayo kila mtu sokoni atamtambua mwenyewe amevunja ile stara ambayo ndiyo inayoipa hadithi ya kubuni haki ya kuwapo. Pili, waiandike huzuni mahali ilipotokea. Wapo waandishi chipukizi ambao mashujaa wao hulia kando ya bahari wasiyoiona na kupeana maua wasiyoyajua. Lakini hapa kwetu kuna ziwa Singidani na ziwa Kindai, pamoja na ndege wao; kuna majabali makubwa ambayo watoto huchungia mbuzi katikati yake; kuna mashamba ya alizeti na vitunguu, na treni ya reli ya kati inayopita Manyoni na Itigi ikiwachukua watu wasiorudi. Mpenzi aliyepandishwa treni ile kwenda kuolewa mbali ni msiba unaojitosheleza, wala hauhitaji kuazima mawimbi.

Sasa tulijibu swali tuliloanza nalo. Aliyempoteza mpenzi wake wa kwanza ni mfiwa, hata kama desturi haikumpa mkeka wa kukalia. Hatuwataki wazee wabadili mazishi ili kila rafiki atangaze siri yake kaburini. Stara ya marehemu ni kubwa kuliko haja yetu ya kusema. Tunataka jambo lililo ndani ya uwezo wa shule yoyote yenye kabati la vitabu. Riwaya hizi zisomwe mbele ya mwalimu asiyecheka, na wanafunzi waachwe waseme juu ya Rosa yale wasiyoweza kuyasema juu yao wenyewe. Na kipindi kinapokwisha, mwalimu atazame ni nani aliyebaki amekaa baada ya wenzake kutoka. Asimwulize marehemu alikuwa nani wake. Amwambie pole, amngoje.