Ushahidi wa Mashine

Jirani yetu mmoja alitujia msikitini baada ya sala ya alasiri, naye amekasirika. Mwanawe yuko kidato cha tatu na amechagua somo la kompyuta. Baba alidhani kijana atafundishwa kupiga chapa barua na kuweka hesabu za duka. Kumbe mwalimu awafundisha kuandika amri, mstari baada ya mstari, na hata kabla ya kuigusa mashine huwachorea ubaoni mpango wa hatua. “Sheikh,” akasema, “siku hizi mashine zajiandikia amri zenyewe. Mwanangu apotezewa umri wake kwa nini?”

Swali hili si la upuuzi, wala si la baba huyu peke yake. Mwaka 2022 serikali yetu ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu katika shule za msingi na za sekondari, na wazazi wauliza faida yake. Majibu wapewayo ni ya kazi na mishahara tu. Sisi twaona kuwa jambo lenyewe ni kubwa kuliko mshahara, nalo ni jambo la ushahidi.

Mtu akisimama mbele ya kadhi akasema, “Nimeona,” haulizwi jina lake tu. Huulizwa aliona wapi, wakati gani, kwa umbali gani. Na watu nao huulizwa habari za uadilifu wake. Lakini karatasi ikitoka katika kompyuta, imepigwa chapa vizuri, sote twanyamaza. Twasema, “Kompyuta ndiyo iliyosema.” Na ni nani aliyeiambia iseme?

Yaliyotokea Uingereza yatosha kuwa onyo. Mwaka 1999 Posta ya huko ilianza kuweka katika matawi yake mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ule ulikuwa na makosa, ukionyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Wasimamizi wa matawi waliapa kuwa hawakuiba, mashine ikaonyesha kuwa fedha hazipo, ikasadikiwa mashine. Hata kufikia mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamekwisha hukumiwa. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, na wako waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao, kwani sheria za kuzifuta hukumu zile hazikupitishwa ila mwaka 2024. Mahakimu wale walikuwa watu waliosoma. Walimhoji mtuhumiwa, lakini shahidi mkubwa hakuhojiwa.

Basi tulimwomba baba yule amlete kijana pamoja na kompyuta yake. Tukampa mas-ala ya mirathi: mwanamke amekufa, ameacha mume na ndugu wawili wa kike wa baba mmoja na mama mmoja, na mali ya shilingi 420,000. Mume ana nusu. Ndugu wale wana theluthi mbili. Kijana akaandika amri zake upesi, na mashine ikajibu pale pale: mume 210,000, ndugu 280,000. Akatutazama kwa furaha. Tukamwambia, “Hebu jumlisha.” Ikawa 490,000. Hizo shilingi 70,000 zimetoka wapi? Mashine haikusita wala haikutahayari. Ilitii kama ilivyoamriwa. Kijana alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza sharia yasemaje.

Haya ndiyo mas-ala yaitwayo aul. Tangu zama za Sayyidna Umar ilikatwa kuwa mafungu yakizidi mali, upungufu uwaenee wote, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Mali hii hugawanywa sehemu 7: mume 3, yaani 180,000, na ndugu 4, yaani 240,000. Kijana akazirudia amri zake, akaiagiza mashine ijumlishe mafungu kwanza, na yakizidi ibadili mgawanyo. Kazi hiyo ilimchukua kutoka magharibi hata isha, na baba yake ameketi kando kimya. (Wala si ajabu elimu hizi mbili kukutana. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kutokana na jina lake watu wa Ulaya walipata neno algorithimu, yaani mpango wa hatua za kulifikia jawabu, alilijaza fungu kubwa la kitabu chake cha al-jabr mas-ala ya wasia na mirathi.)

Ni kweli, ndugu yetu, kwamba mashine sasa zajiandikia amri. Lakini amri hizo huja nadhifu kama ile 490,000 ilivyokuja nadhifu, na asiyepata kuandika hata moja kwa mkono wake hatajua pa kutazama. Hatusemi kila mtoto awe fundi. Wala hatusifu darasa ambalo watoto arobaini wamesongamana kwenye mashine moja, wakikariri majina ya vipande vyake kwa ajili ya mtihani. Chaki na ubao, pamoja na mas-ala ya kweli, ni bora kuliko hayo.

Juzi kijana alirudi na mas-ala ya babu pamoja na ndugu wa maiti, ambayo masahaba wenyewe walikhitalifiana: Abubakar alimweka babu mahali pa baba, na Zaid bin Thabit akawashirikisha ndugu. Alituuliza aandike amri ya nani. Tukamwambia aifunge mashine kwanza, alete kalamu na karatasi.