Fukara ndani ya Nyumba Yenye Chakula

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baada:

Suala ni hili: nyumba ikiwa na chakula, je, yafaa kusemwa ya kuwa kila aliyemo si fukara?

Serikali ilipopima hali za watu wa Tanzania Bara mwaka 2017/18, iliona ya kuwa watu 26.4 katika kila mia hawapati mahitaji ya lazima. Hesabu hiyo ina faida, lakini mizani yake ni matumizi ya kaya: kaya ikivuka mpaka, wote waliomo huhesabiwa wamevuka. Haimwoni anayekula kwanza wala anayeachiwa makombo. Ama sharia humtazama mtu mmoja mmoja, kwa umri wake na nguvu zake.

Na itazamwe Mwanza, mji wa Ziwa ambako watu wa pwani walifika tangu zamani kwa biashara. Viwanda vya minofu ya sangara vilileta fedha huko katika miaka ya 1990. Kijana huingia ziwani usiku kuvua dagaa kwa taa. Mtoto huonekana mwaloni akianika dagaa saa za masomo. Na bibi kizee hubaki jikoni katika moshi wa kuni. Katika nchi ya Wasukuma vikongwe wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na alama waliyotajiwa ni macho mekundu, hali ya kuwa wekundu ule ni wa moshi. Basi ufukara wake ukafanywa ushahidi wa kumwua.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, fukara ana dhiki kuliko masikini. Mwenye haja ya kumi akipata mbili au tatu ni fukara. Akipata saba au nane ni masikini. Dalili ni jahazi iliyotajwa katika Suratul Kahf: wenyewe waliitwa masikini na hali wana chombo. Kijana mwenye mtumbwi aweza kuwa katika hao. Na babake asiye na mali, ikiwa mwanawe hampi kitu, ni fukara, hata wakilala chini ya paa moja.

Na kila umri una haki yake. Mtoto mdogo asiye na mali, nafaka yake ni juu ya baba, na baba asipokuwapo, ni juu ya babu. Kijana aliyebaleghe, mwenye nguvu na kazi ya kumfaa, hana haki ya kulishwa na babake. Lakini akiwa mvuvi asiye na wavu, zaka yafaa imnunulie. Ama wazazi mafukara, nafaka yao ni juu ya mtoto aliyebakiwa na ziada baada ya chakula chake na cha mkewe cha mchana na usiku. Na kauli aliyoitia nguvu Imamu Nawawi katika Minhaj ni kuwa mzazi halazimishwi kuchuma ijapokuwa aweza.

Hapa wengi hukosea. Mtu humpelekea mamake unga mwezi wa Ramadhani akanuia zaka ya mafukara. Haisihi, kwani amelipa lililo juu yake mwenyewe. Tena nafaka ya mzazi haigeuki deni kwa kupita siku, ila kadhi akiamuru. Mjinga hufurahi kwa hukumu hii, naye hajui uzito wake: mzee aliyelala na njaa Jumanne hashibishwi Jumanne ile kwa fedha za Ijumaa. Siku imekwenda, na dhambi imebaki.

Huenda mvuvi akasema: ziwa halitoi kitu, na watoto wanataka kula. Asiye na ziada hana lawama. Hapo haki ya mzee huhamia kwa Waislamu wote. Imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar alimwona mzee Myahudi akiomba, akaamuru alishwe katika Baitulmali, kwa kuwa si uadilifu kula katika ujana wake na kumtupa katika uzee wake. Na Zanzibar mwezi wa Aprili 2016 ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza ana mtoto au hana. Lakini fedha ya serikali haimwondolei mtoto mwenye uwezo wajibu wa kutimiza kilichopungua.

Basi mwenye kutaka kuwajua mafukara wa mtaa wake asihesabu mapaa. Na aanze kwake, atazame ni nani aliyekula mwisho usiku wa jana, na alikula nini.

Wallahu aalam.